Mshahara Umekwama: Namna ya Kuudai Kabla Siku 60 Hazijakatika

Ukishaambiwa "njoo Ijumaa" kwa mara ya tatu, chukua kalenda. Tafuta tarehe ambayo mshahara wa kwanza uliokwama ulitakiwa uwe mkononi mwako, izungushie kalamu, kisha songa mbele siku 60. Jumapili na sikukuu usiziruke, nazo zinahesabiwa. Hapo utakapoishia ndipo mlango unapofungwa.

Kwa Tanzania Bara, mlango wenyewe ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kila mtu anaiita CMA, na ofisi zake ziko mikoani kote. Kanuni zake za mwaka 2007 zinataka madai ya mshahara yafikishwe ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu. Kufungua shauri hakuna ada, na wakili si lazima.

Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye ghala moja Dar es Salaam, na kazi iliyonichosha viatu ilikuwa kusindikiza wenzangu kudai. Mpakiaji mmoja alikuwa hajalipwa miezi minne. Kila mwisho wa mwezi meneja alimpigia simu, tena kwa upole kabisa: "Kaka, vumilia kidogo, pesa ya mteja iko njiani." Akavumilia. Alipofika CMA ilikuwa siku ya 97 tangu mshahara wa kwanza ukwame. Miezi miwili ya mwisho ilikuwa bado ndani ya muda, akaidai. Ile miwili ya kwanza ilibidi aombe kuongezewa muda, kwa fomu yake na hati ya kiapo inayoeleza kila siku aliyochelewa ilipotelea wapi. Sababu yake ilikuwa moja, kwamba aliahidiwa. Haikupokelewa. Meneja hakuwahi kukana deni hata siku moja, na bado miezi miwili ilikwenda na maji.

Kwa hiyo endelea kuzungumza na bosi wako kwa heshima zote, lakini ujue ahadi ya mdomo haisimamishi kalenda.

Unamdai nani hasa?

Swali linaonekana la kitoto mpaka ulijibu kwa maandishi. Kibao cha getini kina jina moja, mkataba una jingine, na mshahara ulikuwa unaingia M-Pesa kutoka kwa mtu wa tatu, shemeji yake bosi. Ukiandika jina la kwenye kibao, unaweza kushinda shauri na usipate shilingi, kwa sababu aliyeshindwa kisheria hayupo duniani.

Kama ni kampuni, andika jina lake kamili lilivyosajiliwa BRELA, ofisi inayosajili makampuni na majina ya biashara, pamoja na lile neno la mwisho linaloonyesha ni kampuni yenye ukomo. Kama ni duka, mgahawa au gereji yenye jina la biashara tu, fahamu kwamba jina la biashara si mtu, haliwezi kushtakiwa peke yake. Anayedaiwa ni mwenye nalo: "Fulani bin Fulani, anayefanya biashara kwa jina la gereji kadha wa kadha." Leseni ya biashara iliyobandikwa ukutani au risiti ya EFD mara nyingi vinakupa jina lenyewe. Piga picha siku bado unaingia kazini.

Walinzi, wafanya usafi na watu wa viwandani wana fumbo lao: uliajiriwa na wakala ukapelekwa kwa mteja. Angalia nani alisaini mkataba wako na nani anakulipa, huyo ndiye wa kuanza naye. Ikiwa huna uhakika kabisa, wataje wote wawili na ueleze kwa nini.

Halafu kuna neno "kibarua", linalowatisha wengi bila sababu. Mtu ameshusha magunia pale pale miaka mitatu, anaambiwa si mwajiriwa kwa kuwa analipwa kwa siku na hana mkataba. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaangalia hali halisi. Je, bosi ndiye anayekupangia saa na namna ya kufanya kazi? Anakupa vifaa? Unamtegemea yeye kwa riziki? Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Moja tu ya hali hizo ikiwepo, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka yeye athibitishe vinginevyo. Fundi aliyepatana kujenga ukuta kwa bei ya jumla, akaja na vijana wake na vifaa vyake, huyo si mwajiriwa. Deni lake linakwenda mahakama za kawaida.

Karatasi, na mahali pa kuzipata kama huna

Wengi wananiambia hawana ushahidi kwa sababu hawakupewa mkataba. Basi hilo ni kosa la mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi: kazi, tarehe ya kuanza, saa, mshahara na mengineyo, na ayatunze hadi miaka mitano baada ya ajira kuisha. Likitokea shauri akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha hayo masharti unamwangukia yeye. Ukisema mshahara wako ulikuwa 390,000 na yeye anasema 250,000, ndiye atakayetakiwa kuonyesha.

Hata hivyo usiende mikono mitupu ukitegemea hilo. Taarifa ya benki ya miezi sita inaonyesha nani alikuwa anakuingizia nini na tarehe ngapi. Kama ulikuwa unalipwa kwa simu, mtandao wako utakupa taarifa ya miamala, na humo jina la mlipaji linajirudia kila mwisho wa mwezi. Taarifa ya michango ya NSSF ni silaha ambayo watu huisahau. Inataja jina la mwajiri, miezi aliyochangia, na mshahara aliouripoti yeye mwenyewe. Kitambulisho cha kazi, barua ya kutumwa safari, na fomu ya likizo vyote vinasema jambo lile lile, kwamba ulikuwa wa pale.

Ratiba za shifti siku hizi zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp. Usikate vipande vya picha. Chukua ujumbe pamoja na tarehe, namba ya aliyetuma, na ujumbe uliotangulia na uliofuata, kisha itunze simu yenyewe, maana unaweza kuulizwa ulivitoa wapi na ukatakiwa kuapa.

Na daftari la mahudhurio. Yule dada wa stoo kwetu alikuwa na tabia ya kupiga picha ukurasa kila Jumamosi jioni: safu ya majina, saa ya kuingia kwa wino wa bluu, saa ya kutoka, saini yake yenye mkia mrefu. Tulimcheka. Mwaka mmoja baadaye daftari "liliungua" ofisini na picha zake ndizo zilizohesabu saa za ziada za watu saba. Kupiga picha ukurasa unaokuhusu ni jambo moja, kuondoka na daftari la ofisi ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili linakugeuza mtuhumiwa, usilijaribu.

Piga hesabu mwenyewe

Anayesema "nadai pesa zangu" halipwi. Anayelipwa ni mwenye namba. Sheria inakupa kanuni ya kupata mshahara wa siku na wa saa kutoka wa mwezi: gawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya wa wiki kwa siku unazofanya kazi kwa wiki, au kwa saa.

Tuchukue mpishi wa mgahawa, mshahara 390,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki, saa 45. Wiki yake ni 90,007. Siku yake ni 15,001. Saa yake ni 2,000. Hajalipwa miezi miwili na siku 11 za kazi, na katika wiki nne za mwisho alibaki jikoni saa 40 zaidi ya kawaida. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, yaani 3,000. Karatasi yake inasomeka hivi:

Mishahara ya miezi miwili: 780,000
Siku 11 × 15,001: 165,011
Saa 40 za ziada × 3,000: 120,000
Jumla: Sh 1,065,011

Namba hiyo haibishaniwi kwa kelele. Anayetaka kuipinga sharti aguse mstari mmoja mmoja.

Kama ameachishwa kazi, orodha inakua: likizo aliyoistahili na hakuichukua, na malipo badala ya notisi ikiwa hakupewa notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 zisizopungua. Aliyetimiza miezi 12 mfululizo kisha mwajiri akakatisha ajira huwa na haki ya kiinua mgongo cha siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi. Lakini aliyefukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu asikitegemee. Aliyeajiriwa mbali na hapo anapofanyia kazi adai pia nauli ya kurudi alikoajiriwa. Cheti cha utumishi ni haki ya kila anayeondoka, na hakina bei.

Kazi ya siku ya mapumziko au sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili kwa saa. Kazi ya usiku inaongezewa asilimia 5. Walinzi wa saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi, hapo pana pesa yenu ambayo wengi hamjawahi hata kuiwaza. Ukimaliza, linganisha mshahara wako na kima cha chini cha sekta yako kwenye Amri ya Mshahara inayotumika. Mkataba uliousaini kwa mshahara wa chini ya hapo haukunyimi tofauti.

Makato nayo yasomwe vizuri. "Shoti" ya keshia, sahani zilizovunjika, dizeli iliyopungua: mwajiri haruhusiwi kukata tu kwa sababu amekasirika. Anatakiwa aonyeshe hasara ilitokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo, kiasi na alivyokokotoa, akupe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara. Makato yaliyoruka hatua hizo ni mshahara usiolipwa. Yaingize kwenye jumla.

Barua ya madai

Sheria haikulazimishi kuandika barua kabla ya kwenda CMA, lakini iandike. Wapo waajiri wanaolipa wakiona karatasi yenye hesabu na tarehe, kwa sababu wanajua karatasi ya pili itatoka wapi. Iwe ukurasa mmoja, bila matusi, bila Mungu atakulipa.

"Ndugu Mkurugenzi, Yah: Madai ya mishahara ya mwezi wa tatu na wa nne. Mimi ni mwajiriwa wako, mpishi, tangu tarehe 2 Februari 2022. Sijalipwa mishahara ya miezi iliyotajwa pamoja na malipo mengine kama yalivyo kwenye hesabu niliyoambatanisha, jumla Sh 1,065,011. Naomba unilipe ndani ya siku saba tangu upokee barua hii. Baada ya hapo nitapeleka madai yangu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi."

Chapisha nakala mbili. Moja wapelekee, ya pili wakugongee mhuri wa kupokea na tarehe, au wasaini kwenye kitabu cha dispachi. Wakikataa, tuma kwa posta ya rejista na utunze risiti. Tuma pia picha ya barua kwa WhatsApp ya bosi. Zile tiki mbili za bluu hazina uzito wa mhuri, ila si haba.

Katika kipindi hiki kuna mitego miwili. Wa kwanza ni kuacha kwenda kazini kwa hasira. Kutoonekana zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ni kosa zito, na mwajiri aliyekuwa hana pa kushika atalishika hilo. Kama hali imekuwa haivumiliki kwa sababu hulipwi, andika barua ya kuacha kazi yenye sababu hiyo waziwazi, kisha nenda CMA ndani ya siku 30, maana sasa shauri lako limekuwa pia la kulazimishwa kuacha kazi.

Mtego wa pili ni bahasha. Unaitwa, unapewa 300,000, na karatasi iliyoandikwa "nimepokea stahiki zangu zote na sina madai mengine." Pesa pokea, una watoto. Lakini pembeni ya saini yako andika kwa mkono wako: "Nimepokea Sh 300,000 tu, bado nadai Sh 765,011." Wakikukatalia kuandika, usisaini.

Afisa kazi kwanza, au CMA moja kwa moja?

Ofisi ya kazi ya mkoa ina maafisa kazi wenye mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kukagua vitabu vya mishahara na kutoa amri ya utekelezaji kwa mwajiri anayevunja sheria. Kama hamjalipwa watu arobaini kiwanda kizima na bado mko kazini, hapo ni mahali pazuri pa kuanzia, maana malalamiko yanaweza kufika bila jina lako kuning'inia peke yake. Lakini kupeleka malalamiko kwa afisa kazi hakusimamishi siku 60. Nenda huko ukitaka, huku fomu ya CMA iko tayari mfukoni.

Watumishi wa umma wenye malimbikizo ya mishahara njia yao ni nyingine: wanatakiwa wamalize kwanza hatua za Sheria ya Utumishi wa Umma. Zanzibar nako kuna sheria zake za kazi za mwaka 2005 na vyombo vyake. Yote ninayoandika hapa ni ya Bara. Dada wa kazi wa nyumbani wamo humu humu, hakuna sheria iliyowatoa, na CHODAWU ni chama kinachowapokea.

Michango ya NSSF isiyopelekwa peleka malalamiko yake NSSF wenyewe. Wana wakaguzi na wana uwezo wa kumtoza mwajiri adhabu kwa kuchelewesha. Ukikuta kwenye slipu umekatwa kila mwezi na kwenye taarifa ya NSSF hakuna kitu, hiyo slipu ihifadhi kama cheti cha ndoa.

Fomu namba moja

CMA utapewa fomu inayoitwa CMA F.1. Peleka kwenye ofisi ya eneo ambako mgogoro ulitokea, yaani ulikofanyia kazi. Makao makuu ya kampuni hayahusiki hapa. Ijaze kwa Kiswahili bila aibu.

Fomu hii ndiyo msingi wa nyumba. Usichokiandika humo, usitegemee kukiongeza baadaye mbele ya mwamuzi. Aina ya mgogoro, tarehe ulipoanza, unachotaka upewe, vyote viandikwe kwa ukamilifu, na hesabu yako iambatanishwe. Sehemu B ni ya waliokatishiwa ajira tu. Nimeona mtu ambaye bado yuko kazini ameijaza kwa kuwa ilikuwa na nafasi tupu, na siku ya shauri upande wa pili wakasimama wakauliza: "Huyu anadai mshahara au anapinga kufukuzwa ambako hakujatokea?" Sehemu ya tarehe nayo ina sumu yake. Ukiandika mgogoro ulianza Januari na umefika Juni, umejifungia mlango kwa mkono wako. Andika ukweli, na kama umechelewa ambatisha maombi ya kuongezewa muda siku hiyo hiyo.

Mkiwa wengi mnaweza kufungua shauri moja. Chagueni mmoja wa kusaini kwa niaba yenu, na muambatanishe orodha yenye majina kamili na saini ya kila mtu. Asiyesaini hayumo, hata kama aliwachangia nauli.

Kabla ya kuirudisha CMA, nakala lazima imfikie mwajiri na uwe na uthibitisho. Mpeleke mtu mwingine pamoja nawe. Wakisaini na kugonga mhuri, vizuri. Wakikufukuza getini, posta ya rejista ipo, na huyo uliyekwenda naye anaweza kuapa aliyoyaona. Baada ya hapo rudisha fomu masijala na uondoke na nakala yako iliyopokelewa.

Chumba cha usuluhishi

Utaitwa kwa tarehe. Usuluhishi unatakiwa uishe ndani ya siku 30, isipokuwa pande zote zikikubali kuongeza. Chumba chenyewe hakitishi: meza, viti vya plastiki au vya mbao, msuluhishi mmoja, faili. Unaweza kuja na kiongozi wa chama chako, wakili, au mwakilishi uliyemchagua. Usikose kuja. Mlalamikaji asipotokea shauri lake linaweza kufutwa. Mwajiri aliyeitwa ipasavyo asipotokea, shauri haliishii hapo, linaweza kuendelea upande mmoja.

Msuluhishi hahukumu. Anaweza kuwatoa nje upande mmoja akazungumza na mwingine, kisha akabadilisha. Yanayosemwa humo ni siri, hayatatumika dhidi yenu mbele. Kwa hiyo ukisema "naweza kushuka hadi 900,000 kama analipa leo," hujapoteza ile 1,065,011 mkishindwana. Ingia ukiwa umeshaamua nyumbani, pamoja na mwenzi wako kama unaye, kiasi ambacho chini yake hutashuka. Ukiamulia pale pale, njaa ndiyo itakayoamua.

Mikataba mingi ya malipo hufia kwenye maneno. "Mwajiri atalipa kwa awamu hali ya biashara itakaporuhusu" si makubaliano, hiyo ni dua. Dai iandikwe: Sh 355,000 tarehe 5 Juni, Sh 355,000 tarehe 5 Julai, Sh 355,011 tarehe 5 Agosti, kwenye akaunti namba kadhaa, akikosa awamu moja, deni lote lililobaki linadaiwa mara moja. Sentensi hiyo ya mwisho bosi hataipenda. Ing'ang'anie. Makubaliano yakisainiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kukazwa, yaani kutekelezwa kwa lazima, mahakamani kama hukumu.

Mkishindwana: mwamuzi

Msuluhishi atatoa hati kwamba imeshindikana, nawe utajaza notisi ya kupeleka shauri kwenye uamuzi. Hapa sasa ni mashahidi na vielelezo, na hali inafanana na mahakama ndogo.

Jambo moja linaonekana dogo sana. Kila shahidi, nawe ukiwemo, lazima aapishwe kabla ya kusema. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mwenendo mzima wa shauri la CMA kwa sababu mashahidi walitoa ushahidi bila kiapo, watu wakarudishwa kuanza upya baada ya miaka. Ukiona mwamuzi amesahau, nyanyua mkono: "Mheshimiwa, sijaapa." Hakuna atakayekuchukia.

Toa vielelezo kimoja kimoja, hakikisha kila kimoja kimepokelewa na kupewa namba. Karatasi iliyobaki kwenye mkoba wako haikusomwa na mtu. Leta mwenzako mliyefanya naye kazi aeleze mliingia saa ngapi na mlitoka saa ngapi. Ukihojiwa na wakili wa upande wa pili, jibu alichouliza tu kisha nyamaza. Mpakiaji wetu aliulizwa kama alikuwa anapewa chakula kazini, akaeleza dakika kumi jinsi bosi alivyokuwa mtu mwema zamani. Wakili alitabasamu akaketi.

Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo, yaani uamuzi wake wa maandishi, ndani ya siku 30 baada ya usikilizaji kuisha. Asiyeridhika ana wiki sita kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri kufungua mapitio pekee hakuizuii tuzo. Anahitaji amri ya mahakama ya kusimamisha utekelezaji. Akikuambia "tumekata rufaa, subiri," muombe akuonyeshe hiyo amri.

Tuzo mkononi, pesa bado

Tuzo ni karatasi. Mwajiri asipolipa kwa hiari, unaomba Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi ikaze tuzo kama inavyokaza hukumu yake. Utatakiwa kusema ikazwe kwa njia gani: kukamata fedha zilizoko benki, au dalali wa mahakama akamate mali.

Hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa hawajui mali ya bosi iko wapi. Wewe unajua kuliko unavyodhani. Benki iliyokuwa inakulipa imeandikwa kwenye taarifa yako. Hundi aliyowahi kukupa ina namba ya akaunti ya kampuni chini kabisa. Namba za usajili za Fuso mbili zilizokuwa zinapakia getini kila asubuhi unazikumbuka kwa kichwa. Ziandike sasa hivi, ukiwa bado unasoma hapa, halafu uthibitishe kwamba gari limesajiliwa kwa jina la kampuni hiyo hiyo iliyomo kwenye tuzo, maana Fuso ya shemeji dalali hataigusa.